Ufundi Usiofundishwa Huzikwa na Fundi

(Haya ni maneno ya fundi mmoja wa kuandika vibao mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa. Yasomeni pamoja katika mkutano wenu, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za mikono. Hapa naona wafinyanzi, naona wasusi wa vikapu, mafundi wa mbao, mafundi wa bati, na vijana wawili watatu wenye rangi kwenye kucha kama mimi. Sasa, leo nataka kuwaeleza habari za ufundi wa mbali kidogo: kuandika jina la duka kwa dhahabu nyuma ya kioo. Ufundi huu ulistawi sana Uingereza na Marekani. Mtaniuliza, sisi na dhahabu wapi na wapi? Nivumilieni. Ufundi huo ulikaribia kufa, ukapona. Jinsi ulivyougua na jinsi ulivyopona, hapo ndipo penye funzo letu.

Kazi yenyewe ilianzaje

Kuweka dhahabu kwenye kioo ni jambo la zamani sana. Warumi wa kale, katika karne ya 3 na ya 4, walikuwa wakibandika dhahabu nyembamba katikati ya vioo viwili, na vipande vyake vimepatikana katika makaburi ya chini ya ardhi kule Roma. Lakini kuandika kwa dhahabu madirishani mwa maduka kulishika kasi katika karne ya 19.

Sababu yake ni rahisi, nayo ni kodi. Kule Uingereza kioo kilikuwa kikitozwa kodi kwa miaka mingi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1845. Kisha mwaka 1851 ikafutwa na ile kodi ya madirisha, maana watu walikuwa wakilipa kodi kwa kuhesabiwa madirisha ya nyumba zao! Mzigo huo ulipoondoka, na viwanda vikaweza kutengeneza vioo vikubwa, wenye maduka wakaweka madirisha mapana upande wa barabarani. Sasa, dirisha pana likishakuwapo, mwenye duka anataka jina lake lionekane hapo. Ndipo mafundi wa dhahabu walipopata kazi: maduka ya dawa, mabenki, ofisi za mawakili, na baa. Kule London, mtaa wa Holborn, iko baa iitwayo Princess Louise ambayo vioo vyake vya mwaka 1891 vingali ukutani. Msiseme nimewatuma baa, jameni! Nawaonyesha tu umri wa kazi ya mkono iliyofanywa vizuri.

Inafanywaje?

Nitaieleza hatua kwa hatua, maana mtu hawezi kuiheshimu kazi asiyoijua.

1. Dhahabu hupigwa kwa nyundo hadi iwe karatasi nyembamba mno. Nikisema nyembamba, hebu fikirini hivi: karatasi 10,000 zikipangwa moja juu ya nyingine, unene wake ni kama milimita 1 tu. Ukiishika kwa vidole, inapotea. Ukiipumulia, imeruka. Kwa kawaida fundi huinunua katika vitabu vidogo vya karatasi 25.

2. Kioo husafishwa sana. Alama ya kidole ikibaki, dhahabu haitashika vizuri mahali pale.

3. Fundi huchora maandishi yake kwenye karatasi ya kawaida, kisha hutoboa mistari kwa sindano, vitundu vidogo vidogo. Akipitisha unga wa chaki au wa makaa juu ya vitundu hivyo, mchoro unabaki kwenye kioo.

4. Gundi yake ni jelatini kidogo sana iliyoyeyushwa katika maji safi ya moto. Jelatini ni ile inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Ganda la kidonge cha kapsuli mara nyingi ni jelatini. Ganda moja latosha karibu nusu lita ya maji. Ndiyo gundi hiyo yote!

5. Fundi hulowesha kioo kwa maji hayo, upande wa ndani ya duka. Halafu anachukua brashi pana ya manyoya laini, anaipitisha shavuni mwake ili ipate mafuta kidogo ya ngozi, na kwa mafuta hayo anaidaka karatasi ya dhahabu. Akiikaribisha kwenye kioo chenye maji, inaruka yenyewe na kujibandika.

6. Ikikauka, huisugua taratibu kwa pamba. Pakionekana vitundu, anaweka dhahabu mara ya pili. Kisha hupitisha maji ya moto, na dhahabu inang'aa kama kioo cha kujitazamia.

7. Sasa ndipo anapoandika. Nyuma ya dhahabu ile anapaka herufi kwa rangi ya mafuta, mara nyingi nyeusi, na anaziandika kinyume, kuanzia kulia kwenda kushoto. Mmewahi kuona gari la wagonjwa lililoandikwa jina lake kinyume kwa mbele, ili dereva aliye mbele yake alisome sawasawa katika kioo chake? Ni hivyo hivyo. Fundi yuko ndani, mteja yuko nje barabarani, naye ndiye wa kusoma.

8. Rangi ikikauka, dhahabu iliyozidi nje ya herufi hufutwa kwa pamba yenye maji. Zinabaki herufi tu. Mwisho anatia kivuli cha rangi nyingine, na vanishi ya kufunika kingo.

Ukiandika ukutani, rangi unayopaka mwisho ndiyo watu wanayoiona. Kwenye kioo ni kinyume: unachokiweka kwanza ndicho watu watakachokiona. Kosa la mwanzo huwezi kulifunika kwa rangi ya juu. Kwa hiyo fundi wa kioo hufikiri kwanza, hupima kwanza, ndipo ashike brashi.

Thamani iko wapi?

Watu wakisikia dhahabu wanadhani fundi huyu alikuwa tajiri. Hebu tupige hesabu. Gramu 1 ya dhahabu ikipigwa namna ile inafunika karibu nusu mita ya mraba. Kitabu cha karatasi 25, kila moja sentimita 8 kwa 8, kina karibu theluthi moja ya gramu tu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina uzito wa kama gramu 4. Basi kijiko cha dhahabu chenye uzito huo kingetosha kuandika maduka kadhaa ya mtaa!

Mnaona, mama zangu? Dhahabu haikosi bei, lakini alichokuwa akilipa mwenye duka zaidi ni ule mkono: miaka ya kujifunza, jicho la kupima nafasi kati ya herufi na herufi, na uvumilivu. Hata kwetu ni hivyo. Udongo wa chungu unachimbwa mtoni bila malipo. Katani au ukindu wa kikapu si ghali. Mteja analipia mkono. Na mkono ndio mali ambayo haiandikwi katika daftari la mweka hazina. Ikipotea, hata mkaguzi hatajua.

Ufundi ulivyougua

Magonjwa yalikuja matatu. La kwanza, kuanzia miaka ya 1920, ni taa za neoni za rangi rangi. La pili, baada ya Vita Kuu ya Pili, ni masanduku ya plastiki yenye taa ndani, yanayotolewa kiwandani kwa mamia. La tatu lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980: mashine ya kompyuta inayokata herufi kutoka kwenye plastiki ya kubandika. Mtu aliyejifunza mashine ile kwa muda mfupi aliweza kumaliza asubuhi moja kazi iliyomchukua fundi wa brashi siku nzima. Mafundi wengi waliweka brashi chini.

Lakini wazee, lazima tuseme na ugonjwa wa nne, ambao haukutoka nje. Huo ulikuwa ndani ya karakana zenyewe. Mafundi wengi wa zamani walizificha mbinu zao. Kipimo cha gundi, mchanganyiko wa vanishi, namna ya kupata dhahabu ya kung'aa na dhahabu ya kufifia katika herufi moja, yote yalikuwa siri. Kijana angeweza kukaa na fundi miaka, akisafisha brashi na kuchanganya rangi, na mambo yenyewe yafanywe akiwa ametumwa nje.

Walikuwa na sababu yao, tusiwalaumu bure. Fundi aliogopa: nikimfundisha huyu, kesho atafungua duka lake mkabala na langu. Lakini angalieni matokeo. Kazi ilipokuwa nyingi, siri ilimlinda fundi. Kazi ilipopungua, vijana hawakuja tena. Fundi akazeeka na siri zake, akafa nazo. Mambo mengine yalibaki kwenye vitabu, kama kile cha Frank Atkinson wa Chicago kilichotoka mwaka 1909, lakini kitabu hakiwezi kukushika kiwiko na kukuambia, "Legeza mkono, mwanangu."

Jinsi ulivyopona

Mwaka 1975, katika mji wa Denver, jimbo la Colorado kule Marekani, vijana wachache waliokuwa wakijifunza kuandika vibao walianza kukutana. Hawakuwa na ofisi. Hawakuwa na mfadhili. Waliona kwamba plastiki imewala wazee wao, na kwamba mbinu za zamani zinapotea. Wakaamua jambo moja: anayejua kitu atakionyesha kwa wenzake. Wakaitwa Letterheads.

Hicho kilikuwa kikundi cha kujisaidia, sawasawa na chenu. Na mwendo wake ulikuwa mwepisi: hakuna kadi ya uanachama, hakuna ada. Fundi mmoja anawakaribisha wenzake karakanani kwake, kila mtu anakuja na brashi yake, wanafanya kazi pamoja huku wakionyeshana. Mwendo huo ulienea Marekani, Kanada, Uingereza hata Australia. Watu kama Rick Glawson wa California walijitolea kuzitafuta mbinu za dhahabu na kioo zilizokuwa zimesahaulika, wakizijaribu tena na tena, na walipozipata hawakuzifungia kabatini. Walizifundisha.

Tena tazameni tarehe. Walianza mwaka 1975, kabla mashine ya kukata herufi haijafika. Ilipofika, walikuwa tayari wameshikana mikono. Wengine walinunua mashine hiyo na kuitumia kwa kazi za haraka, huku brashi na dhahabu zikibaki kwa mteja anayetaka kitu cha kudumu. Hawakuipiga mashine mawe, wala hawakuipigia magoti.

Leo kazi imerudi kwa kiasi. Kule Torquay, Uingereza, yuko fundi aitwaye David A. Smith, mwandishi wa vioo vya dhahabu, ambaye mwaka 2012 alichora jalada la santuri ya mwimbaji John Mayer. Naye hufundisha wageni wanaotoka nchi mbalimbali. Wafanya biashara wanaofungua hoteli na maduka mapya wanatafuta tena kioo cha dhahabu, maana vibao vya plastiki vimefanana vyote, na mwenye duka anataka la kwake litambulikane.

Na sisi je?

Sasa turudi kwetu. Ugonjwa ule wa tatu umeshafika kwenye miji yetu midogo. Zamani kila kinyozi, kila hoteli, kila posho mill iliandikwa kwa mkono. Leo mwenye duka anakwenda mjini, anachapiwa bango la plastiki kwa mashine, anarudi nalo jioni limekunjwa chini ya kwapa. Ni rahisi na ni la haraka, siwezi kumkataza. Lakini jua letu linalifahamu bango hilo! Rangi inafifia, upepo unalichana. Na kijana wa brashi aliyekuwa akiishi kwa kazi ile ameondoka kutafuta kibarua. Hapo si jambo la kupamba mitaa tu. Ni karo ya mtoto, ni unga wa jioni.

Wala si waandika vibao peke yao. Mfinyanzi ana debe la plastiki mlangoni. Msusi wa vikapu ana mfuko wa dukani. Mhunzi ana jembe la kiwandani. Kila mmoja wetu anajua nyumba ambapo nyanya alijua kazi fulani, na wajukuu wote hawaijui.

Kwa hiyo nina mashauri manne kwa vikundi.

Kwanza, fanyeni orodha ya ufundi. Mnaandika akiba, mnaandika mikopo, mnaandika hata aliyechelewa mkutano. Andikeni pia: ni nani anayejua nini, ana umri gani, na ni nani anayejifunza kwake. Mkiona jina la mzee na upande wa pili hakuna jina la kijana, hapo ndipo penye hatari. Mali bila daftari huisha bila habari.

Pili, wekeni siku ya kuonyeshana, labda mara moja kwa mwezi. Msifanye semina ya maneno kama hii yangu. Kila mtu aje na chombo chake na afanye kazi. Mfinyanzi afinyange, watu wakimwangalia mikono.

Tatu, mpeni fundi sababu ya kufundisha. Hofu yake ni ya kweli, kwa hiyo ijibuni kwa mapatano. Kwa mfano, mwanagenzi amfanyie kazi kwa miezi mliyokubaliana, au kikundi kimlipe kitu kidogo kutoka mfuko wenu, au mkubaliane kwamba kazi kubwa ikija watagawana. Mzee akijua kwamba kufundisha hakutamnyang'anya chakula, atafungua mdomo.

Nne, chukueni mbinu hata pale msipoweza kununua vifaa. Hapa nasema na vijana wa rangi. Dhahabu hatuna, lakini kuandika nyuma ya kioo hakuhitaji dhahabu. Rangi yetu ya kawaida ya mafuta, ikiandikwa kinyume upande wa ndani wa dirisha la duka, mvua haiipigi wala vumbi haliikwaruzi. Mwenye duka anasafisha kioo kwa nje na maandishi yanang'aa kama ya jana. Anzeni na kipande cha kioo cha zamani. Chora kwenye karatasi, igeuze, ibandike upande wa mbele wa kioo, na uandike upande wa nyuma ukiifuata. Ukikosea ingali mbichi, futa na uanze tena. Ukishazoea, mpelekee mwenye duka akione. Bango la plastiki haliwezi kufanya hivyo.

Neno la hadhari pia. Mafundi wengine wa zamani walichora kioo kwa asidi kali inayokula kioo. Hiyo msiiguse kabisa! Inapenya ngozi na kuharibu hadi mifupa, na inaweza kuua. Na kioo kilichovunjika kisilie makali yake mahali ambapo watoto wanacheza. Pigeni msasa kingo zake kwanza, mkiwa mmezilowesha maji ili vumbi lake lisiingie kifuani.

Ndugu zangu, nimalizie. Mmoja wenu aliniuliza kabla hatujaanza: nikimfundisha jirani, si nitakuwa nimempa shamba langu? Nimeifikiria sana hesabu hiyo. Shamba ukimpa mtu nusu, unabaki na nusu. Ufundi ukimpa mtu wote, unabaki nao wote, na mteja akija na kazi ya vibao ishirini mnaweza kuichukua. Ukiwa peke yako, ungemwambia aende mjini.

Basi mkitoka hapa, kila mtu amtafute mmoja wa kumfundisha, au mmoja wa kumfundisha yeye. Msisubiri mkutano ujao.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni ufundi gani katika kijiji chetu unaojulikana na mtu mmoja au wawili tu? Wana umri gani?

2. Kwa nini mafundi wetu huficha mbinu zao? Kikundi kinaweza kufanya nini ili hofu hiyo ipungue?

3. Ni kazi gani ya mkono ambayo mashine imeichukua hapa kwetu? Je, kuna sehemu ya kazi hiyo ambayo mashine haiwezi kuifanya vizuri?

4. Siku ya kwanza ya kuonyeshana itakuwa lini, nyumbani kwa nani, na nani ataanza? Katibu aandike majibu kabla mkutano haujafungwa.